Kilo Mia Tano kwa Kila Saizi

Robota la hamsini lilipotua barazani, utingo wa lori alijifuta jasho kwa mkono wa shati, akasema, "Mama, tumemaliza. Weka saini hapa."

Asmahani hakuweka saini. Alipanda ngazi ya lori, mkono mmoja kashika ubao, mwingine kashika khanga yake, akachungulia ndani. Mlikuwa na turubai lililokunjwa, ndoo ya grisi na maganda ya ndizi. Basi.

"Bado fito," alisema.

"Fito zipi tena?"

"Fito za henzirani. Zile nene za miguu, na zile za wastani za mgongo wa kiti. Hizi mlizoshusha ni nyuzi za kufungia tu."

Utingo akamwonyesha karatasi. "Mama, mimi sikupika, mimi napakua. Hapa imeandikwa marobota hamsini, kilo kumi kumi, jumla kilo mia tano. Yote hayo hapo. Kama kuna fito, labda zinakuja kwa miguu."

Watu waliokuwa wamesimama kutazama mzigo wakacheka. Pale Kibondo lori la kutoka Dar likisimama mbele ya duka la mtu, kila mwenye nafasi husimama akalihesabia baraka. Asmahani alishuka ngazi polepole. Saady, mkwe wake, mume wa binti yake Firdausi, alikwishachana robota moja kwa kisu. Nyuzi zilimwagika juu ya saruji, ndefu, laini, za rangi ya asali, zinanuka kama nyasi zilizokaushwa kivulini. Zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Lakini kiti kimoja hakili hata nusu kilo ya nyuzi. Pale barazani palikuwa na nyuzi za viti elfu moja, na hapakuwa na mguu wa kiti hata mmoja.

"Zimetimia?" Mansuri, mumewe, aliuliza kutoka ndani ya duka. Miguu yake ilivimba kwa sukari, hainuki ovyo.

"Hazijatimia."

"Kimepungua nini?"

Asmahani aliwatazama watu waliosimama. Aliona mama muuza dagaa, aliona fundi baiskeli, aliona mke wa jirani ameshika kiuno akisubiri jibu. Akapaza sauti ili wote wasikie: "Wakala ametuibia!"

Saady aliinua macho mara moja. Akayarudisha chini haraka, akaanza kuzikusanya nyuzi, mmoja mmoja, kama mtu anayeokota punje za mchele.

Macho yale ndiyo yaliyomchoma Asmahani, kwa maana Saady alijua.

*

Fito za henzirani zamani zilitoka msituni. Wasusi wa viti wa Kasulu walizikata wenyewe, wakazibeba kwa baiskeli. Tangu msitu uzuiwe, anayekutwa na mzigo wa fito hulala ndani. Ndipo wasusi ishirini na sita wakaungana chini ya mama mmoja wa Kagerankanda aitwaye Ndayikunda, wakachanga laki mbili mbili. Duka la Mansuri likaongeza milioni mbili na laki nane. Zikatimia milioni nane za kuagizia henzirani kutoka ng'ambo, kwa wakala aliyepo Dar ambaye Saady aliipata namba yake kwenye kazi yake ya kupokea vifurushi vya mabasi.

Wasusi wenyewe walisema, "Azungumze Mama Firdausi. Kiswahili chake kimenyooka." Asmahani alizaliwa Ujiji, kwa baba muuza khanga, na hakuwaacha watu wasahau. Alipokuwa akiongea na wakala alikuwa akikaa nje makusudi, simu kaiweka sauti kubwa. "Mimi hawa watu wa jumla nimekua nao," alikuwa akiwaambia wasusi. "Mwenye mali akisema lazima uchukue korja nzima, khanga ishirini za mtindo mmoja, ni maneno ya kwanza tu. Ukijua kusema naye, anakuchanganyia: mtindo huu tano, mtindo huu tano. Baba yangu hakununua korja ya mtindo mmoja hata siku moja."

Kisha ukaja ujumbe wa wakala, kwake na kwa Saady. Ulisema: *Habari mama. Kiwandani kima cha chini ni kilo mia tano kwa kila saizi, na hawachanganyi. Hela yenu inatosha saizi moja tu. Tusipopata jibu lingine tutaleta ya kwanza kwenye orodha yenu, yaani nyuzi. Ni sawa?*

Asmahani aliusoma mara mbili. Moyo ulimshtuka, asiseme mtu kwamba haukumshtuka. Ila kumpigia Ndayikunda simu na kumwambia fedha hazitoshi, baada ya yote aliyojigamba! Na kumuuliza wakala "kila saizi" maana yake nini hasa, kama mshamba wa jana! Akajisemea, watachanganya tu, wote huanza hivi.

Alasiri ile Saady alikuja hadi ukuta wa jiko, akasimama hapo hapo. Kwao Kasanda mkwe hatamki jina la mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani humpisha hata kama pa kupisha ni matopeni. Saady aliishi chumba cha uani na Firdausi, mwaka wa pili sasa, na hakuwahi kuvuka ule ukuta.

"Mama, yule mtu ameandika."

"Nimeona."

"Anasema kila saizi, mama. Zetu zinatosha saizi moja."

"Saady, nimesoma. Mimi si mtoto."

"Ndiyo, mama."

Mwingine angesema tena. Mwingine angekwenda kwa Mansuri, au angempigia Ndayikunda kwa siri. Lakini kumrudia mama mkwe neno ambalo amekwisha kulikata ni sawa na kumvua nguo. Saady akapanda pikipiki yake akarudi kazini. Asmahani akaandika, *Sawa. Leteni.*

*

Wajumbe wa Kasulu walifika siku ya tatu, Ndayikunda na mweka hazina wao, Melkiadi wa Titye, mzee mwembamba mwenye vidole vilivyopinda kwa miaka ya kukunja fito. Asmahani aliwatandikia mkeka mpya, akawapikia wali na kuku. Ndayikunda alisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kwa upole wake, akanawa, akala tonge mbili, akaacha. Melkiadi hakunawa kabisa.

"Chakula kinanukia vizuri," alisema Melkiadi, "ila tumbo langu lina nyuzi."

"Mzee wangu, kula kwanza."

"Nimekula nyuzi laki mbili, mama. Nimeshiba."

Ndayikunda alimgusa goti anyamaze. Akamgeukia Asmahani. "Mama Firdausi, sisi hatukuja kwa ugomvi. Kule watu wanaulizana. Kuna wajane mle, kuna walioweka mbuzi rehani. Tueleze tu tukawaeleze. Imekuwaje?"

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Asmahani mwenyewe baadaye alilikumbuka lile swali, lilivyoulizwa taratibu, lilivyomwachia mlango wazi. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mke wa jirani na bakuli, ati amekuja kuomba chumvi.

"Ni wakala," alisema. "Tulimwambia hiki, akaleta hiki."

"Na wakala huyu tulipewa na nani?" aliuliza Melkiadi.

Asmahani alimsogezea sahani ya kuku.

"Tulipewa na mkweo. Kijana wa vifurushi. Mwite."

Saady aliitwa, akaja, akachuchumaa karibu na mlango, mbali na mkeka, uso ameuelekeza uani. Firdausi alikuwa nyuma yake, ameshika ufagio kana kwamba anafagia.

"Kijana," alisema Melkiadi, "wakala amekupa ngapi?"

"Hajanipa kitu, mzee."

"Bure? Umetupeleka kuchinjwa bure? Hata mchinjaji hupewa utumbo!"

"Mzee, hajanipa."

"Basi tueleze. Wewe ulikuwa unajua masharti yake au hukujua?"

Saady alitazama sakafu. Mbele yake, hatua tatu hivi, ilikuwa miguu ya mama mkwe wake, na juu ya miguu macho yake hayakuthubutu kupanda. Mama wa chumvi akahamisha bakuli mkono.

"Ni mimi," alisema. "Sikueleza vizuri. Kosa ni langu."

"Umesikia!" Melkiadi alipiga kofi paja lake. "Mwizi akijitaja, mwenye mali ashukuru. Toa ufunguo wa pikipiki."

"Mzee Melkiadi," Ndayikunda alisema.

"Hapana, mama. Pikipiki inakwenda Kasulu. Jumapili baada ya ibada aje mbele ya kikundi azungumze. Asipokuja, polisi wanajua kuuliza kuliko mimi."

Saady alitoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya mkeka. Firdausi aliangusha ufagio. Asmahani alimimina maji kwenye bilauri ya Melkiadi iliyokuwa imejaa tayari, maji yakafurika yakalowesha mkeka, na yeye akaendelea kumimina.

*

Tangu siku ile Saady alikuwa akienda kazini kwa miguu. Vifurushi alivyozoea kusambaza kwa pikipiki alivibeba kichwani. Vijana wa stendi, ambao juzi walikuwa wakimwita "bosi wa mizigo," wakamgeuza wimbo. "Saady Nyuzi! Nifungie kiti changu!" Yeye alicheka nao kidogo, kicheko cha mtu anayelipa nauli.

Akikutana na Asmahani uani alipisha kama kawaida, akainama kama kawaida. "Shikamoo, mama." Na ile kawaida ndiyo ilikuwa adhabu. Angemnunia, angepita bila salamu, Asmahani angepata pa kushika. Lakini yule kijana alimsalimia kwa heshima ile ile, wala haikupungua hata kiasi cha punje.

Firdausi naye hakusema neno hadi Alhamisi, walipokuwa wakichambua maharage.

"Mama, kuna mtu amekuja kwa msimamizi wa Saady kuuliza kama ni mwaminifu."

"Nani?"

"Sijui nani. Msimamizi amemwambia apumzike hadi Jumapili ipite." Alitupa jiwe lililokuwa kwenye maharage. "Mama, Saady hajawahi kuniambia uongo. Nimemuuliza, ulikosea nini? Anageukia ukutani. Wewe unajua alikosea nini?"

"Mambo ya biashara, mwanangu."

"Haya," alisema Firdausi, kwa namna ambayo mtoto humwambia mzazi haya pale asipotaka kumwambia kitu kingine.

Asmahani alikwenda dukani akaketi kwenye gunia la ukindu. Akamwambia Mansuri yote: ujumbe, jibu lake, Saady kwenye ukuta wa jiko. Mansuri alisikiliza huku akivuta tasbihi. Mkewe alipomaliza, aliiweka tasbihi mapajani.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi. Na yeye."

"Basi." Alishusha sauti. "Mkwe ameshajitwika mzigo. Usiutue, utatuangukia sote. Watu wakijua ni wewe, nani atanunua hapa hata mkeka? Yeye ni kijana. Ya kijana husahaulika."

"Wanamwita mwizi, Mansuri."

"Wanamwita. Hawajamfunga."

Mansuri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye duka moja na miguu iliyovimba. Asmahani alimwelewa, na kwa kuwa alimwelewa akaogopa, maana na yeye alikwisha kuyawaza maneno yale yale kabla ya kuyasikia.

Alasiri alikwenda uani, akasimama nje ya chumba cha Saady. Hakuwahi kufanya hivyo. Pazia lilikuwa limeshushwa. Ndani palisikika mtu akiinuka haraka, akirudi nyuma.

"Saady, kaa tu. Siingii. Nakuuliza tu. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Sauti ilitoka pembeni kabisa mwa chumba: "Ningesemaje, mama?"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli haukuwa wangu, mama. Ulikuwa wako."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayerudisha kifurushi kwa mwenye jina. Asmahani alilitazama lile pazia, akageuka, akarudi jikoni.

*

Banda la wasusi Kasulu liko nyuma ya soko, limeezekwa bati, halina kuta. Jumapili ile wasusi walikaa juu ya vigoda, juu ya matofali, juu ya viti vibovu vilivyoletwa kutengenezwa miezi iliyopita vikakosa vifaa. Pikipiki ya Saady ilikuwa imefungwa kamba kwenye nguzo, kama mbuzi.

Asmahani na mkwe wake walisafiri basi moja, yeye kiti cha mbele, Saady kiti cha mwisho. Walipoingia bandani kijana mmoja msusi, Reverien, akapaza sauti: "Leo mwizi kaja na mlinzi wake!"

"Mlinzi gani, huyo kaja kuhesabu nyuzi," mwingine akadakia. Wakacheka.

"Nyamazeni," alisema Ndayikunda. "Kijana, simama hapa katikati. Sema."

Saady alikwenda katikati, akasimama, mikono ameikunja nyuma. Alifungua mdomo. Asmahani akaona anakwenda kulirudia lile neno, mbele ya watu ishirini na sita safari hii, na likishasemwa mbele ya ishirini na sita halirudi.

"Ngojeni," alisema, akainuka. "Ndugu zangu waheshimiwa, kama tujuavyo, katika biashara kuna kupanda na kushuka, na penye wengi hapaharibiki..."

"Mama Firdausi," Ndayikunda alimkata, "kupanda na kushuka tunakujua, sisi ni wakulima. Sema jingine."

Kile Kiswahili kilichonyooka kikamkauka mdomoni. Akatoa simu kwenye mkoba, akaufungua ule ujumbe, akajaribu kusoma. "Habari mama. Kiwandani..." Akampa Melkiadi simu.

Melkiadi alisoma kama asomavyo neno kanisani, kidole kikifuata mstari, kila herufi akiipa haki yake. "Ki-ma cha chi-ni ni kilo mia tano kwa ki-la saizi, na hawa-changanyi." Alisoma hadi mwisho. Kisha akasogeza kidole chini. "*Sawa. Leteni.*" Aliinua uso. "Aliyejibu hapa ni nani?"

"Mimi."

"Na kijana?"

"Aliniambia. Alikuja akaniambia, kila saizi, mama. Nikamnyamazisha. Alisema kosa ni lake kwa sababu mimi ni mkwewe."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Nje muuza maji alipita na mkokoteni, wote wakamsikiliza hadi akapotea.

Ndayikunda alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kuuona uzi kwenye tundu la sindano. "Mama Firdausi. Nyuzi tuliziandika mwanzo kwa sababu ndizo nilizozikumbuka kwanza. Ungenipigia simu tu. Ningekwambia leta fito nene, nyuzi tuache. Kufungia tungefungia hata kwa ukindu, hata kwa ngozi. Fito hatuna mbadala wake. Simu moja. Kwa nini hukuniuliza?"

Asmahani alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Hakuwa amejitayarisha kwa hilo, kwamba jibu lilikuwepo, karibu namna ile, kwa mwanamke ambaye hata siku moja hakufikiri kwamba ana cha kumuuliza.

"Niliona haya," alisema.

"Haya ya nini?"

"Ya kuonekana sijui."

"Yoo!" alisema bibi mmoja wa nyuma, akishika shavu. "Haya ya mtu mmoja, tumeilipia watu ishirini na sita."

Hapo hawakucheka. Walianza kusema wote kwa pamoja, Kiha, Kirundi na Kiswahili, na Asmahani alisimama akasikiliza kila neno. Walimwita mjivuni. Walimwita mwongo. Reverien alisema, "Na kuku aliwapikia wajumbe wetu!" kana kwamba kuku yule ndiye aliyekuwa kosa kubwa kuliko yote. Asmahani hakujitetea. Alitaka kukaa chini, ila hakuna aliyemsogezea kigoda.

Melkiadi alifungua kamba ya pikipiki. Akamwendea Saady na ufunguo, akautoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameshika kiwiko, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Nimekuita mwizi mbele ya mkeo," alisema. "Nimekosa. Kwetu ningekuletea mtungi wa pombe tunywe yaishe. Wewe hunywi. Sijui nikuletee nini."

"Yameisha, mzee."

Saady alipokea ufunguo. Alipokuwa akitoka alilizunguka banda lote, akapita upande wa shimo la takataka, ili asipite karibu na mama mkwe wake. Hakumtazama. Pikipiki ikawaka, ikaondoka.

Wasusi walikata shauri kabla jua halijapinda. Nyuzi zote ziletwe Kasulu, na sehemu ya duka iwe ya mwisho kulipwa. Viti vipya havitengenezeki, lakini mji mzima una viti vya zamani vilivyofunguka mikono na makalio. Watazunguka nyumba kwa nyumba kuvifunga upya, elfu tatu tatu, hadi fedha za fito zipatikane, hata ikichukua mwaka.

"Nyumba za watu wenye viti zina mbwa na mageti," alisema Reverien. "Nani ana mdomo wa kubishia hodi huko?"

Wote wakamgeukia Asmahani.

"Na kufunga utafunga," alisema Ndayikunda. "Hutakuwa mdomo mtupu. Utalala kwangu, nitakufundisha."

*

Jumanne Firdausi alipiga simu. Asmahani alikuwa kwa Ndayikunda, vidole vimefungwa vitambaa, maana uzi wa henzirani mkavu hukata kama wembe na yeye alisahau mara mbili kuuloweka.

"Mama, Saady amerudi kazini."

"Alhamdulillahi."

"Na amepata chumba kule stendi. Tunahama kesho."

Asmahani alikaa kitako. "Amenikasirikia?"

"Hapana." Firdausi alisita. "Anasema yeye alikufunika, na wewe umejifunua mbele ya watu kwa ajili yake. Anasema hawezi tena kupita uani. Anaona aibu, mama."

"Mwambie aibu ni yangu."

"Nimemwambia. Anasema sasa ni ya wote wawili."

Kesho yake asubuhi, Ndayikunda alimpeleka hadi kona ya mtaa wa wenye maduka, akamkabidhi ndoo yenye nyuzi zilizolowekwa, kisu na kigoda kidogo. "Nyumba ile ya geti la kijani wana viti sita vya henzirani," alisema. "Mimi nilivitengeneza mwenyewe, zamani. Nenda."

Asmahani aliijua ile nyumba. Alikuwa akifikia pale kila alipokuja Kasulu, tena kama mgeni wa heshima. Ilikuwa nyumba ya Mwajabu, waliyesoma naye madrasa moja Ujiji. Alisimama mbele ya geti muda mrefu, ndoo ikimdondoshea maji miguuni. Kisha akabisha.

"Asmahani! Jamani!" Mwajabu alimkumbatia, ndoo ikawa katikati yao. "Karibu, karibu ndani. Mbona hukunipigia simu? Hiyo ndoo ya nini, umeniletea samaki?"

"Sikuja kutembea, Mwajabu."

"Ila?"

"Nimesikia una viti vilivyofunguka. Nakuja kuuliza kama naweza kuvifunga. Elfu tatu kimoja."

Mwajabu alicheka. Akamtazama, akaacha kucheka. Macho yake yakashuka kwenye vitambaa vya vidole, yakaenda kwenye kigoda, na Asmahani akaona kwamba habari za Kibondo zilikwisha kufika, zilikuwa tu zikingoja mwenyewe aje azithibitishe.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema Mwajabu kwa sauti ndogo.

"Ni kweli. Ni mimi niliyekosea."

Mwajabu alitoa kiti kimoja, akakiweka uani, kivulini mwa ukuta. Asmahani aliketi kwenye kigoda chake, akaondoa uzi wa zamani uliooza, akaloweka mpya, akaanza kuzungusha: juu, chini, vuta, bana kwa kidole gumba. Mizunguko kumi ya kwanza ilikaa ovyo. Akaifungua, akaanza tena.

Nyuma yake alimsikia Mwajabu jikoni akitafuta kikombe. Kabati la vioo likafunguliwa, lile lenye vikombe vya maua vya wageni. Likabaki wazi muda, pasisikike mlio. Kisha likafungwa, taratibu, na mlango mwingine, wa chini, ukafunguliwa.

Mwajabu alitoka na chai ndani ya kikombe cha plastiki, cha bluu, ambacho humpa fundi bomba na mkata majani. Alikuwa ameinamisha macho. Asmahani aliweka uzi chini, akapangusa mikono kwenye khanga, akakipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," alisema.